Mama anaogopa mashine ya kumsaidia kupumua, na kaka hataki inunuliwe

Shikamoo mama mshauri,

Nakuandikia kwa sababu nyumbani hatuelewani na muda unakwenda. Mama yetu ana miaka 63. Zaidi ya nusu ya maisha yake alikaanga na kubanika samaki kwa kuni hapa Tanga, ndiyo kazi iliyotusomesha sote. Sigara hajawahi kuigusa. Miaka ya karibuni kifua kilianza kumbana, akienda dukani anasimama njiani kutweta. Daktari alisema njia za hewa zimeharibika kwa moshi na hazitarudi kama zamani, akampa dawa ya kuvuta.

Ramadhani iliyopita alizidiwa. Alikuwa akiamka na maumivu ya kichwa, mchana anasinzia kijiko kikiwa mkononi, mwisho akaanza kuongea mambo yasiyoeleweka. Kituo cha karibu walimwekea oksijeni, wakaifungulia kwa nguvu. Badala ya kuchangamka akazidi kulala, hata kumwamsha ikawa kazi. Tukamkimbiza hospitali kubwa. Kule walimtoa damu kwenye kifundo cha mkono, wakapunguza oksijeni, wakamfunga barakoa kubwa yenye mpira unaotoka kwenye mashine inayovuma. Usiku kucha nilikaa naye. Alfajiri alifungua macho akaniuliza kama nimekula daku.

Sasa yuko nyumbani. Tulivyorudi kliniki baada ya mwezi walimpima tena, wakasema hewa ukaa bado imejaa kwenye damu, hivyo anahitaji mashine kama ile alale nayo kila usiku, BiPAP. Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye mwenye uwezo, amekataa. Anasema mtu akishawekwa kwenye mashine ya kupumulia hatoki, mapafu yanazoea na kusahau kazi. Baba mkwe wake alifia kwenye mashine wakati wa korona. Anaona bora tununue mashine ya oksijeni tu, mama akibanwa tumwongezee. Mama mwenyewe anasema barakoa ile ilikuwa kama kuzibwa mdomo na mtu. Shemeji naye ameona mtandaoni mashine nyingine ya barakoa, CPAP, iliyotumika, bei nafuu sana. Na umeme wetu unaujua.

Nifanye nini, mama? Sitaki kumlazimisha, na sitaki kumpoteza.

Binti wa Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Miaka mingi ya kazi yangu ya uuguzi niliipitisha kwenye wodi za kifua, na barua yako nimeisoma kama taarifa ya zamu, maana umeeleza vizuri kuliko ndugu wengi wa mgonjwa. Jibu langu nakupa mapema: daktari wenu ana sababu nzuri, na mpango wa kaka wa kuongeza oksijeni bila mashine ndio ninaouogopa zaidi katika yote uliyoandika.

Tuanze na ile siku ya kituo cha karibu. Kupumua kuna kazi mbili, kuingiza oksijeni na kutoa hewa ukaa. Sisi huwa tunaikumbuka ya kwanza tu. Kwa mgonjwa aliyevuta moshi miaka mingi, hewa huingia kwa tabu na kutoka kwa tabu zaidi. Mapafu yanabaki yamejaa, yanausukuma chini msuli mkubwa ulio chini ya mbavu hadi unalala bapa, na msuli uliolala bapa hauna nguvu ya kuvuta. Hewa ukaa inabaki mwilini. Ikizidi, mishipa ya damu ya kichwani inatanuka, ndiyo yale maumivu ya kichwa ya asubuhi. Ikizidi tena, damu inakuwa na tindikali na ubongo unalewa. Kusinzia na kijiko mkononi, kuongea yasiyoeleweka, hiyo ilikuwa hewa ukaa ikisema.

Mgonjwa wa namna hii akipewa oksijeni nyingi kupita kiasi, hewa ukaa inaweza kupanda zaidi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaonyesha namba nzuri, 98 au 99, kila mtu anafurahi, na mgonjwa anazidi kuzama usingizini. Kwa hiyo wagonjwa kama mama hulengwa wabaki kati ya asilimia 88 na 92. Kwa mtu mwenye mapafu mazima namba hiyo ingetutia wasiwasi, kwa mama yako ndiyo salama yake. Mwambie kaka jambo hili kwa upole lakini mwambie wazi: mashine ya kuzalisha oksijeni haisukumi pumzi na haitoi hewa ukaa. Inampa gesi tu. Kama daktari ameandika lita moja kwa dakika, basi ni lita moja, na ile koki isiguswe na mtu kwa huruma.

BiPAP inafanya kazi nyingine kabisa. Ndani yake mna feni inayovuta hewa ya kawaida ya chumbani kupitia kichujio na kuisukuma kwenye mpira hadi kwenye barakoa. Mama anapoanza kuvuta pumzi, mashine inahisi na kupandisha msukumo, kifua kinajaa vizuri kuliko ambavyo angeweza peke yake. Anapotoa pumzi, msukumo unashuka, lakini hauishi kabisa. Ule mdogo unaobaki unazuia vijinjia vya hewa visijikunje kabla hewa chafu haijatoka. Akisahau kuvuta usingizini, mashine inamsukumia kwa idadi aliyoipanga daktari. Umeshaona mtu akisaidiwa kusukuma mkokoteni kwenye mlima: mwenye mkokoteni bado anavuta, ila mzigo umekuwa mwepesi. Hilo ndilo linalotokea kwenye msuli wa mama.

Kwa nini usiku? Kwa sababu mtu akilala pumzi zinakuwa fupi, na mgonjwa huyu hana akiba. Akisaidiwa usiku, hewa ukaa inapungua na misuli inapumzika, akiamka kichwa ni chepesi na mchana anapumua mwenyewe bila chochote usoni. Anakula, anaswali, anapika uji akitaka. Madaktari wengi hulenga mgonjwa aivae kwa muda wa saa sita hivi kila usiku, lakini wiki za mwanzo hata muda wa saa mbili ni hatua.

Hofu ya kaka siidharau. Amezika mtu. Mwambie nampa pole, na mwambie pia kwamba wakati wa korona mashine zilikuwa za aina zaidi ya moja. Kuna ile ya mpira unaopita kooni hadi kwenye koromeo la hewa, mgonjwa akalazwa kwa dawa, hawezi kuongea wala kumeza. Huko hufika wagonjwa walio taabani, na wengi hawarudi kwa sababu ya ugonjwa uliowafikisha hapo. Barakoa ilikuja ili watu wachache zaidi wafike huko. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake kule Sydney, Australia, walionyesha kwamba hewa ya msukumo kupitia puani inaweza kuzuia koo kuziba kwa watu wanaokosa pumzi usingizini. Wengine wakaendeleza. Mwaka 1995 Laurent Brochard na wenzake wakatoa matokeo ya wagonjwa 85 wa Ulaya waliozidiwa kwa ugonjwa huu huu wa mama yako. Nusu walipata matibabu ya kawaida, nusu wakaongezewa barakoa yenye msukumo. Kwenye kundi la matibabu ya kawaida, asilimia 74 waliishia kuwekewa mpira kooni, kwenye kundi la barakoa ni asilimia 26. Waliofia hospitalini walikuwa asilimia 29 upande mmoja na asilimia 9 upande wa barakoa. Usiku ule ulipokaa na mama hadi daku, hicho ndicho kilichokuwa kikitokea mbele ya macho yako.

Kuhusu kuitumia nyumbani, kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2017, wa wagonjwa 116 ambao, kama mama, wiki chache baada ya kuzidiwa hewa ukaa yao ilikuwa bado juu. Waliopewa oksijeni peke yake walikaa wastani wa mwezi mmoja na nusu hivi kabla ya kurudishwa hospitali au kufariki. Waliopewa oksijeni pamoja na mashine ya usiku, zaidi ya miezi minne. Nitakuwa mkweli kwako: katika utafiti huo idadi ya waliofariki ndani ya mwaka haikutofautiana sana. Mashine haiponyi mapafu. Inampunguzia kuzidiwa na kulazwa, na kwa mama wa miaka 63 hilo si dogo hata kidogo. Na lile la mapafu kuzoea, hapana. Misuli ya mama inafanya kazi mchana kutwa. Siku akiacha mashine atarudi pale ugonjwa ulipo, na hatazidi kudhoofika kwa sababu aliitumia.

CPAP ya shemeji iacheni. Hiyo inatoa msukumo wa kiwango kimoja, akivuta na akitoa. Inawafaa sana wanaokoroma na koo kuziba usingizini. Kwa mama, anayehitaji kupandishiwa msukumo kila anapovuta ili hewa ukaa itoke, haitoshi. Na hata ikitokea BiPAP iliyotumika, usiinunue kwa picha. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuondoa mamilioni ya mashine za CPAP na BiPAP kwa sababu povu la ndani la kupunguza kelele lilikuwa likimeguka, na chembe zake zingeweza kuvutwa na mgonjwa. Mashine za namna hiyo bado zinazunguka kwenye biashara ya mitumba. Andika namba ya mashine, mpelekee fundi wa vifaa vya hospitali na daktari waiangalie kabla hamjatoa hela. Ulizeni pia kama hospitali ina ya kuazima au kukodisha kwa wiki chache, na kama mama ana bima, ombeni jibu kwa maandishi.

Sasa barakoa, maana mashine nyingi huishia juu ya kabati kwa sababu ya barakoa. Mama alifungwa akiwa hajitambui, akazinduka na kitu usoni kinampulizia. Lazima aogope. Safari hii aanze mchana, amekaa kwenye kiti, tumbo halijajaa, saa moja au zaidi baada ya chakula. Washeni mashine, mpeni barakoa aishike kwa mkono wake bila mikanda. Aiweke puani na mdomoni pumzi chache, aitoe. Aiweke tena. Muwe mnaongea naye au redio inasema. Hewa itamjia kwa nguvu kuliko alivyotarajia, mwambie asishindane nayo, aiache iingie. Siku akiishika mwenyewe dakika kumi bila kuhangaika, ndipo mvute mikanda. Na hapo watu wengi hukosea: wakisikia hewa inavuja wanakaza. Mikanda iliyokazwa sana inachuna ngozi ya mwanzi wa pua hadi kidonda, na mgonjwa mwenye kidonda hapo haivai tena. Vidole viwili vipite chini ya mkanda. Ikivuja machoni, inyanyue kidogo kutoka usoni mashine ikiwa inafanya kazi, uirudishe ikae yenyewe. Ikiendelea, huenda saizi si yake. Mwombe muuguzi ajaribu nyingine, kuna za pua peke yake na kuna za pua na mdomo. Mafuta ya nazi usoni kabla ya kulala aache, yanaifanya iteleze, na mafuta na oksijeni havikai pamoja.

Utaona kwenye barakoa au karibu na shingo ya mpira kuna vitundu vidogo vinavyotoa mvumo wa hewa. Nimewahi kukuta ndugu ameviziba kwa plasta akidhani pametoboka. Hivyo ndivyo hewa ukaa inavyotokea. Visizibwe, wala shuka isivifunike.

Awe amelala kichwa na kifua vikiwa juu, mito miwili au mitatu. Akijaa gesi tumboni mwambie daktari apitie upya viwango, msivibadilishe wenyewe. Akitaka kunywa au kula, barakoa itoke kwanza. Akitaka kutapika, barakoa itoke kabla ya swali lolote. Kwa sababu hiyo afundishwe kuivua mwenyewe kwa mkono mmoja, gizani, mara nyingi hadi azoee. Ni usalama, na pia ndiyo dawa ya ile hofu ya kuzibwa mdomo: mtu anayejua anaweza kuivua muda wowote hutulia nayo. Ukutani karibu na kitanda wekeni kengele au chochote cha kuwaita.

Koo likikauka kuna kibakuli cha maji cha kulainisha hewa. Kiwekwe maji ya kutoneshwa, yakikosekana yaliyochemshwa yakapoa, na yamwagwe kila asubuhi. Barakoa ioshwe kila siku kwa sabuni laini, ianikwe kivulini. Kichujio kiangaliwe kila wiki, vumbi letu halichelewi.

Umeme ukikatika, barakoa ivuliwe. Mama anapumua mwenyewe, hatakata pumzi kwa sababu TANESCO wamezima. Hatari ni kubaki na barakoa usoni hewa haipiti, akairudia pumzi yake mwenyewe. Muulize anayewauzia kuhusu betri inayoendana na mashine hiyo, na mnapotumia betri zimeni kipasha joto cha maji, hicho ndicho kinachokula umeme. Stebilaiza nunueni mapema, umeme unaorudi kwa kishindo umeua mashine nyingi. Kwa oksijeni mwe na mtungi mdogo wa akiba, kwa kiwango kilekile alichoandika daktari.

Na moshi, mwanangu. Najua nyumba za huko kwetu pwani jioni haikosi chetezo. Chumba cha mama kisifukizwe udi wala ubani tena, na nguo zake zisifukizwe zikiwa mle. Moshi huo unaingia kwenye mapafu yaleyale yaliyoharibiwa na kuni, na penye oksijeni cheche moja inatosha kuwasha shuka. Jiko la mkaa lisilale ndani. Jiko la kuni lihamie mbali na dirisha lake, na kama kaka anataka mahali pa kutoa hela kwa roho safi, mtungi wa gesi jikoni ni tiba pia. Dawa ya kuvuta iendelee kama kawaida, mashine haichukui nafasi yake.

Uamuzi wenyewe mwachieni mama. Mmemjadili sana, sijaona mahali ulipoandika kwamba mmemkalisha akaulizwa anataka nini akishaelewa. Nendeni kliniki watatu, wewe, yeye na kaka. Ombeni mashine iwashwe pale pale mbele yake, na kaka aivae pia, apumue nayo dakika mbili. Nimeona wanaume wakali wakibadilika hapo hapo kwa sababu walidhani ni kitu kingine. Mama akijaribu kwa wiki kadhaa, kwa utaratibu niliouandika, akasema hapana, basi hapana yake iheshimiwe na daktari aelezwe, yapo mengine ya kumpunguzia kubanwa. Ila iwe hapana ya mtu aliyejaribu akiwa macho.

Mkiwa mnasubiri, angalieni dalili zilezile: kichwa asubuhi, kusinzia mchana kusiko kawaida, kuchanganya maneno, mikono kudundadunda akiinyoosha mbele na kukunja viganja juu. Mkiziona mpelekeni hospitali usiku huohuo, msijaribu kuzitibu kwa kufungua oksijeni. Leo andika kwenye kikaratasi kigumu, ukiweke kwenye mkoba wake pamoja na kadi ya kliniki: "Mgonjwa huyu hujaza hewa ukaa. Oksijeni ilengwe asilimia 88 hadi 92. Aliwahi kusaidiwa na BiPAP." Mtu wa kwanza kumpokea, kabla hajagusa koki, apewe hicho kikaratasi asome.